Mdogo wangu alikuwa akicheka anaanguka, na jibu lilitoka kwa mbwa (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Habari za usiku wakuu.

Huu uzi nimeuahirisha miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, Nyanda za Juu Kusini, na jambo ninalolileta hapa limeishi ndani ya nyumba yetu kabla sijalikuta kwenye kitabu chochote.

Mdogo wangu wa mwisho alianza akiwa darasa la sita. Alikuwa anasinzia darasani, tena ghafla, kalamu ikiwa mkononi. Ukifungua daftari lake unaona mstari umeanza vizuri, halafu mwandiko unateremka, unateremka, mpaka unaishia pembeni mwa ukurasa kama njia ya konokono. Alichapwa sana kwa ajili ya hilo. Kisha likaja la pili. Akichekeshwa, magoti yanalegea, kichwa kinadondoka kifuani, anashuka chini kama gunia lililofunguliwa kamba. Macho yako wazi, anatusikia, lakini hawezi kuinua hata kidole. Baada ya dakika moja hivi amesimama, anajipangusa vumbi.

Nyumbani tulisema kifafa. Jirani akasema mapepo. Usiku nako kulikuwa na balaa lake: karibu kila siku anakabwa na jinamizi, anaona watu wamesimama mlangoni na hawezi kupiga kelele. Tumeenda kwa mganga, tumeenda kwenye maombi, tumeenda hospitali akapewa dawa za kifafa zilizomzidishia usingizi. Ilikuwa miaka tisa.

Jina la ugonjwa nililijua nikiwa chuo: narkolepsia. Daktari Mfaransa Jean-Baptiste Gélineau alilitumia jina hilo mwaka 1880, lakini kwa nini mtu anaanguka akicheka, hilo lilikuja kujulikana mwaka 1999, kwa kuchunguza mbwa na panya. Njia waliyopita watafiti hao ndiyo nataka kuisimulia, kwa sababu ukiielewa umeelewa pia kwa nini kahawa inakukesha, kwa nini Piriton inakulaza, na kwa nini usiku unaota lakini hurushi miguu.

Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, msisubiri nimalize.

#2 Kambi ya Ziwa

Mwalimu naweka kambi hapa. Shusha taratibu, wengine baiolojia tuliiacha kidato cha nne.

#3 Mleta mada

Ahsante mkuu. Nianze na neno lenyewe, kipokezi.

Seli mbili za neva zinapoongea hazigusani. Ya kwanza inatema kemikali kidogo sana, kemikali inavuka mwanya, na ng'ambo inakutana na protini zilizokaa kwenye utando wa seli ya pili zikisubiri. Hizo protini ndizo vipokezi. Kemikali ni ufunguo, kipokezi ni kitasa. Kitasa kikifunguka, seli ya pili ama inachangamka ama inanyamaza, inategemea kitasa kimefungwa kwenye mlango gani. Hilo la mwisho mlishike. Histamini ni ile ile, lakini puani inaleta mafua ya vumbi na ubongoni inakuweka macho. Ufunguo haujui unafungua chumba gani.

Zamani wengi waliamini usingizi ni ubongo kupungukiwa nguvu tu, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Aliyeanza kuipindua fikra hiyo ni daktari Constantin von Economo wa Vienna. Mwaka 1916 na 1917, vita vikiendelea, alianza kupokea wagonjwa wa uvimbe wa ubongo wa aina ambayo hakuwahi kuiona. Wengi walilala kwa majuma. Wachache walipatwa na kinyume chake, usiku kucha hawapati hata lepe la usingizi. Walipofariki alichunguza ubongo wao. Waliolala waliharibika upande wa nyuma wa sehemu iitwayo haipothalamasi. Waliokesha waliharibika upande wa mbele wa sehemu hiyo hiyo. Ni kipande kidogo kilichokaa kwenye sakafu ya ubongo, na ndani yake kuna wa kulaza na wa kuamsha.

Leo tunajua wa kuamsha ni wengi, na wamesambaa toka haipothalamasi mpaka shina la ubongo: seli za histamini, za noradrenalini, za serotonini, za dopamini, za asetilikolini. Wa kulaza wamejikusanya zaidi mbele. Mwaka 1996 kundi la Clifford Saper wa Harvard lilionyesha kwa panya kikundi cha seli pale mbele zinazowaka mnyama anapolala, na ufunguo zinaoutuma, GABA pamoja na galanini, unazinyamazisha zile za kuamsha moja kwa moja. Na zile za kuamsha, zikichangamka, zinazinyamazisha hizi.

Kwa hiyo kila upande unamziba mwenzake mdomo. Faida yake ni kwamba mnyama hakai katikati. Swala anayeelea kati ya kulala na kuamka ni chakula cha fisi. Hasara yake ni kwamba mlango wa namna hiyo ni mwepesi, upepo kidogo tu umejibamiza. Ndiyo maana ubongo umeweka jiwe la kuushikilia mlango ubaki wazi mchana kutwa. Jiwe hilo linaitwa oreksini. Nitalirudia, ndilo moyo wa uzi.

#4 Tairi Kumi na Nane

Mkuu mimi ni dereva wa masafa, Dar mpaka Lubumbashi. Unaposema kemikali ya kuamsha nadhani nazijua zote. Kahawa, vile vinywaji vya kopo, na miraa kwa wenzetu wa upande wa Kenya. Kuna siku nimekunywa kahawa vikombe vinne na bado nilipofika Tunduma macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Inakuwaje?

#5 Mleta mada

Kaka, swali lako linanipeleka kwenye kipokezi cha adenosini, na ninashukuru umeuliza kwa sababu kinagusa maisha ya watu barabarani.

Seli zinapofanya kazi zinatumia nishati, na mabaki ya matumizi hayo ni pamoja na adenosini. Kadiri unavyokesha ndivyo inavyojaa. Mwaka 1997 watafiti walipima jambo hili ndani ya ubongo wa paka: walimzuia paka asilale kwa saa sita kwa kucheza naye, na adenosini ikawa inapanda saa baada ya saa kwenye eneo la mbele chini ya ubongo. Walipomwacha alale, ikashuka taratibu. Adenosini inashika vitasa viwili vinavyotuhusu hapa, A1 na A2A. Kimoja kinazituliza seli za kuamsha, kingine kinazipa nguvu zile za kulaza. Ule uzito wa kope unaoujua wewe saa nane za usiku ndio huo.

Kafeini imefanana umbo na adenosini. Inaingia kwenye kitasa lakini haigeuki, na ikiwa imo humo ufunguo halali unabaki nje. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha A2A walipewa kafeini mwaka 2005 na haikuwakesha hata kidogo, walilala kama wenzao waliopewa maji. Hapo ndipo ilipothibitika kahawa inafanya kazi kupitia mlango gani.

Sasa angalia kilichokupata. Kahawa haijaiondoa adenosini hata punje. Imeiacha nje ya mlango, na wewe unaendelea kuendesha, kwa hiyo inaendelea kujaa. Vikombe vinne haviwezi kushika vitasa vyote mbele ya foleni ya siku mbili. Na baada ya saa tano hivi kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini imeshaondoka, na waliokuwa wanangoja nje wanaingia kwa pamoja.

Miraa ni habari nyingine. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi inazisukuma seli zimwage dopamini na noradrenalini, yaani inaongeza funguo za upande wa kuamsha. Mtu anahisi yuko macho kweli, lakini deni la adenosini liko pale pale na uamuzi wake barabarani umeshachoka. Kinachopunguza deni hilo ni kulala tu. Kaka yangu, egesha. Nakuomba kama mtu wa familia. Dakika ishirini za usingizi kwenye kituo cha malori ni kubwa kuliko kikombe cha tano.

#6 Dirisha la Dawa

Nafanya kazi duka la dawa. Kila siku wateja wanakuja kuomba Piriton "ya kulalia", na wengine wanawapa watoto. Hapo ni histamini uliyoitaja?

#7 Mleta mada

Ndiyo dada, ni histamini kabisa. Kitasa chake cha kuamsha kinaitwa H1. Klofeniramini iliyomo kwenye Piriton inapenya mpaka ubongoni na kukiziba. Setirizini na loratadini zinapenya kwa shida, ndiyo maana mtu wa mafua ya vumbi anaweza kuzinywa akaenda kazini. Kwa hiyo anayekunywa Piriton ili alale anafunga mdomo mmoja kati ya midomo mingi inayoamsha, na asubuhi kitasa kinakuwa bado kimezibwa nusu, anaamka mzito. Kumpa mtoto ili anyamaze usiku ni jambo la hatari, tafadhali endelea kuwakatalia.

Na hiyo H1 ikae kichwani, itatokea tena kwenye mbwa.

#8 Mleta mada

Sasa mbwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alipata habari za mbwa wanaoanguka wakicheza. Mmoja wa mwanzo alikuwa poodle aliyeitwa Monique. Watu walikuwa wanadhani ni kifafa cha mbwa. Dement, ambaye alikuwa na wagonjwa wa narkolepsia, aliuona ugonjwa ule ule. Baadaye wakapatikana Doberman na Labrador ambao kwao ulikuwa wa kurithi: baba na mama wakiwa nao, watoto wote wanao. Stanford ikawa na kizazi cha mbwa hao kwa zaidi ya miaka ishirini.

Namna walivyokuwa wanapima ugonjwa inaniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Walikuwa wanapanga vipande vya chakula kitamu sakafuni kwa mstari, wanamfungulia mbwa, wanahesabu ameanguka mara ngapi na ametumia muda gani kumaliza. Mbwa mzima anavikomba kwa sekunde chache. Mbwa mgonjwa anaona chakula, furaha inampanda, miguu ya nyuma inalegea, anaketi, anaanguka ubavu, macho wazi, mkia umetulia. Anainuka, anakula kipande kimoja, utamu unamwangusha tena. Nilipoangalia video yake mara ya kwanza nilimwona mdogo wangu siku ya Krismasi, sahani ya pilau mkononi, kaka yetu mkubwa amesema kichekesho. Sahani ilivunjika, na alikemewa mbele ya wageni.

Mwaka 1986 alifika pale Emmanuel Mignot kutoka Ufaransa, na akaamua kuitafuta jeni. Fikirieni kazi hiyo: ramani ya jeni za mbwa haikuwepo, na kila familia ya mbwa inachukua miaka kuzaliana. Alihangaika nayo karibu miaka kumi.

Wakati huo huo, watu wengine kabisa, wasio na habari na mbwa, walikuwa wanatafuta kemikali mpya za ubongo. Mapema mwaka 1998 makundi mawili yalitangaza kemikali moja kwa majina mawili. Kundi la California, akiwemo Luis de Lecea, liliiita hipokretini. Kundi la Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai pale Dallas, Texas, liliiita oreksini, kutokana na neno la Kigiriki la hamu ya kula, kwa sababu panya waliodungwa ubongoni walikula sana. Wakavikuta na vitasa vyake, cha kwanza na cha pili. Wa Dallas walidhani wamepata kemikali ya njaa.

Kule Dallas wakatengeneza panya wasio na oreksini. Mchana wakawaangalia, hawakuona la ajabu. Lakini panya ni mnyama wa usiku. Walipowarekodi gizani kwa kamera ya infraredi wakawaona wanakimbia kisha ghafla wanadondoka, wanakaa kimya, halafu wanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Agosti 1999, ndani ya wiki mbili, jarida la Cell likachapa habari zote mbili. Ya mbwa ilitangulia. Kwa Doberman, kipande cha herufi 226 za urithi kilikuwa kimejipachika karibu na sehemu moja ya jeni ya kipokezi cha pili cha oreksini. Kwa Labrador, herufi moja tu ilikuwa imebadilika mahali pengine pa jeni hiyo hiyo. Mwisho wake ni mmoja kwa wote: seli inapotengeneza kitasa inaruka kipande, na kitasa kinatoka kibovu. Mbwa hawa wana oreksini, lakini haina pa kuingia.

Kipokezi hicho cha pili kimejaa sana kwenye seli zipi? Za histamini. Zile za Dirisha la Dawa. Oreksini inazichangamsha seli za histamini, nazo zinaufungua ubongo wa juu kupitia H1. Kipokezi cha kwanza kipo zaidi kwenye seli za noradrenalini.

Turudi kwenye jiwe la mlango. Bila jiwe, mlango unajifunga mchana kila upepo ukipita. Lakini pia usiku unafunguka ovyo. Mdogo wangu hakuwa analala kuliko sisi. Ukijumlisha saa ishirini na nne, mgonjwa wa narkolepsia analala karibu saa zile zile za mtu mwingine, ila zimekatwakatwa na kumwagwa kila mahali. Sisi tuliona vipande vya mchana tu, tukamwita mvivu. Vile vya usiku alivyokuwa macho gizani peke yake hakuna aliyevihesabu.

#9 Mganga wa Ng'ombe

Nimefurahi sana mleta mada. Mimi ni daktari wa mifugo. Niongeze la kuwasaidia wafugaji wa mbwa wanaosoma hapa. Kifafa cha mbwa mara nyingi kinampata akiwa ametulia au amelala: anakakamaa, anatoa mate, anaweza kujikojolea, na akizinduka anakuwa kama amepotea kwa dakika kadhaa hata saa. Huyu wa narkolepsia analegea, hakakamai. Anaanguka akiwa na furaha au akiona chakula, hajikojolei, ukimgusa au ukimwita kwa nguvu anaweza kuinuka pale pale na anamjua mwenyewe. Pigeni video kwa simu mje nayo. Video inatusaidia kuliko maelezo.

#10 Mleta mada

Daktari, ahsante. Na ndugu zangu wenye watoto, hilo la video ni kwa binadamu pia. Sisi tulimpeleka mdogo wangu hospitali mara sita na hakuna mara hata moja alianguka mbele ya daktari, maana hospitali hakuna kinachochekesha.

#11 Nuru ya Asubuhi

Mtumishi, nimesoma kwa heshima. Lakini hilo la kukabwa usiku na kuona watu mlangoni, nimewahi kupitia mwenyewe, na sitaki kuamini kwamba ni kemikali tu. Ule uzito kifuani si wa kawaida.

#12 Mleta mada

Dada yangu, sina nia ya kugusa imani yako, na uzito ule ni wa kweli, sikatai. Nieleze tu ubongo unafanya nini wakati huo.

Kuna usingizi wa ndoto, ambao macho yanakimbia chini ya kope. Michel Jouvet, aliyefanya kazi Lyon, Ufaransa, tangu miaka ya 1950, alionyesha kwa paka kwamba wakati huo shina la ubongo linafunga misuli karibu yote isipokuwa ya macho na ya kupumua. Alipoharibu sehemu ndogo ya shina hilo, paka waliokuwa usingizini waliinuka wakawa wanavizia na kushambulia kitu kisichokuwepo. Kufuli la misuli ndilo linalotuzuia tusiende vitani tukiota.

Usingizi huu unategemea asetilikolini. Mwaka 2018 watafiti wa Japani wa taasisi ya RIKEN walitengeneza panya waliokosa vipokezi viwili vyake, M1 na M3, na usingizi wa ndoto ulikaribia kutoweka kabisa.

Jinamizi ni pale unapoamka huku kufuli halijafunguliwa na ndoto haijazimwa. Macho yanaona mlango wa kweli, ubongo unaongeza watu wake. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu misuli mingi inayosaidia kuvuta pumzi kwa nguvu imelegezwa. Mtu yeyote anaweza kupatwa mara moja moja, hasa akikosa usingizi au akilala chali. Kwa asiye na oreksini kufuli hilo linajifunga wakati wowote, hata saa tano asubuhi katikati ya kicheko. Kule kuanguka kwa mdogo wangu na kule kukabwa kwake ni kufuli moja. Siku nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wale watu mlangoni ni wangu mwenyewe?" Tangu siku hiyo anasema hawamtishi kama zamani.

#13 Ngalawa

Mimi mtu wa Mafia. Sisi tunasema mtu amelala usingizi wa pono, na pono nimewahi kumwokota kwa mkono usiku kwenye miamba. Samaki naye ana hivyo vitasa?

#14 Mleta mada

Umenigusa penye utamu kaka. Baadhi ya aina za pono usiku hujifunika kwa ute kama chandarua, wakalala humo. Na ndiyo, samaki wana oreksini na kipokezi chake. Samaki mdogo wa maabara mwenye michirizi ya pundamilia ana kipokezi kimoja tu cha oreksini pale sisi tuna viwili.

Wa ajabu zaidi ni samaki wa Mexico aitwaye Astyanax. Kuna wanaoishi mtoni, wana macho, wanalala. Ndugu zao walizama kwenye mapango ya giza, wakapoteza macho, na wakapunguza usingizi sana, pengine kwa sababu pangoni chakula ni cha kubahatisha na anayelala anakikosa. Mwaka 2018 ilionyeshwa kuwa samaki wa pango liitwalo Pachón wana oreksini nyingi kuliko wa mtoni, na ukiizuia wanalala zaidi. Kwa maneno mengine wameongeza uzito wa jiwe.

Kwetu Afrika kuna tembo. Watafiti wakiongozwa na Paul Manger wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliwavisha vipimo majike wawili viongozi wa makundi huko Chobe, Botswana, na mwaka 2017 wakachapa matokeo: wastani wa saa mbili tu kwa siku, mara nyingi wakiwa wamesimama, na siku nyingine waliweza kwenda mpaka saa 46 bila kulala. Mimi kila nikiwaona tembo wa Ruaha nawaza kitasa gani kimewekwa tofauti ndani ya vichwa vile vikubwa.

Hata kati yetu wapo. Mwaka 2019 kundi la Ying-Hui Fu na Louis Ptáček wa San Francisco lilieleza familia ambayo baadhi yao hulala saa sita au pungufu maisha yote na wako timamu kabisa. Walikutwa na badiliko moja kwenye kipokezi cha noradrenalini kiitwacho beta cha kwanza. Panya waliopachikwa badiliko hilo nao wakapunguza kulala. Lakini watu hao ni wachache sana. Anayejilazimisha saa nne akasema amejizoesha, huyo anadaiwa.

#15 Kambi ya Ziwa

Mwalimu, huku kwetu Uganda na Kagera wazee wanasimulia malale. Ni oreksini pia?

#16 Mleta mada

Hapana mkuu, malale ni vimelea vya tripanosoma vinavyoletwa na mbung'o, na vikiingia kwenye ubongo vinavuruga mpangilio mzima wa saa ya mwili, si ufunguo mmoja. Wazee wako wana sababu ya kukumbuka: janga la Busoga mwanzoni mwa karne iliyopita liliua watu zaidi ya 200,000. Kinachofanana ni sura ya nje, yaani mgonjwa wa malale naye anasinzia mchana na kukesha usiku, usingizi umevunjwa vipande. Ila malale yasipotibiwa yanaua, na dawa zake zipo.

#17 Dirisha la Dawa

Na binadamu je? Ni kitasa kibovu kama mbwa?

#18 Mleta mada

Hapo ndipo palipowashangaza wote. Mwaka 2000 walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 9 wa narkolepsia, na kwa 7 kati yao oreksini haikuonekana. Mwaka huo huo ukachunguzwa ubongo wa marehemu waliokuwa na narkolepsia. Mtu mzima ana seli za oreksini kati ya 50,000 na 80,000, katika ubongo wenye seli za neva mabilioni mengi. Kwa wagonjwa, asilimia 85 mpaka 95 zilikuwa zimekufa. Vitasa vyao vilikuwa salama. Mafundi wa kuchonga funguo ndio waliokwisha. Ushahidi mwingi unaelekeza kwamba kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayowaua, kwa watu waliozaliwa na aina fulani ya jeni ya kinga, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hakuna uvivu pale, wala dhambi ya wazazi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa tiba. Mbwa wa Stanford ungempa oreksini isingemsaidia. Mdogo wangu ana vitasa vizima vinavyosubiri. Tatizo ni kwamba oreksini ukiimeza haifiki ubongoni, ndiyo maana watafiti wanatafuta kidonge kinachoigiza ufunguo wa kitasa cha pili. Kimoja kiliwaamsha wagonjwa vizuri mno, lakini majaribio yakasimamishwa kwa sababu kilidhuru ini. Matokeo ya kinachofuata yalichapwa mwaka 2025, wagonjwa walikaa macho na ini halikudhurika. Naomba Mungu kifike mpaka huku kwa bei ya mtu wa kawaida.

Upande wa pili, maarifa hayo hayo yamezaa dawa za wasiopata usingizi, ambazo zinaziba vitasa vya oreksini. Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2014. Zinatofautiana na diazepamu, ambayo inaipa nguvu GABA karibu ubongo mzima na ndiyo maana inazoesha vibaya. Hizi zinaondoa jiwe mlangoni, basi. Huku kwetu sijaziona madukani.

#19 Tairi Kumi na Nane

Nimeegesha Makambako nasoma huku nimejinyoosha. Dogo yuko wapi sasa?

#20 Mleta mada

Ahsante kwa kuegesha kaka.

Yupo, ni fundi cherehani, ana chumba chake sokoni. Amepanga vipindi viwili vya kulala, saa sita mchana na saa kumi jioni, dakika ishirini kila kimoja, na wateja wamezoea kukuta pazia limeshushwa. Daktari wa neva tuliyempata hatimaye alimwandikia dawa ya kundi linalotumika pia kwa sonona. Inaongeza noradrenalini na serotonini, na kuanguka kumepungua sana. Hapandi ngazi wala haendeshi pikipiki. Mashine yake ya umeme ameiwekea swichi ya kukanyaga, mguu ukilegea inasimama yenyewe.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi ya binamu yetu. Mshereheshaji akasema jambo, ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikaona shingo yake inaanza kulegea. Nikasogea nikamshika kwapani, akaniegemea na uzito wake wote. Nikahesabu taratibu. Nilipofika arobaini na tatu magoti yakarudi, akasimama, akaifuta mikunjo ya shati alilolishona mwenyewe, akanigeukia na kuniuliza, "Alisemaje mwishoni? Nirudie, sikucheka nikamaliza."

Nikamrudia.